Kichwa cha gimbali kwa lenzi nzito: kabla ya kuuliza kilo, uliza mizani

Mpiga picha anayenunua lenzi ndefu ya kilo tatu au nne huwa na swali moja mdomoni: ni kichwa gani cha tripodi kitakachoibeba? Muuzaji naye humjibu kwa namba. Hiki kinabeba kilo 15, kile kilo 23, kile kingine zaidi ya kilo 40. Mnunuzi hulinganisha namba na bei, huchukua kikubwa anachokimudu, kisha hushangaa kuona picha zake za ndege arukaye bado zinatoka zimekatwa kichwa au bawa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba, katika uamuzi huo, namba ya kilo ina msaada mdogo kuliko zote. Lenzi ya kisasa ya milimita 600 pamoja na kamera yake haifiki kilo tano, na karibu kila kichwa cha gimbali kilichopo sokoni kinaubeba uzito huo bila kuvunjika. Kinachoamua ni mambo mawili. La kwanza ni kama kichwa kinakuruhusu kukiweka kitovu cha uzito wa lenzi palepale mihimili yake miwili inapokutana. La pili ni kama mahali unapopigia picha pana nafasi ya tripodi. Hili la pili, kwa wanaofanya kazi kwenye mbuga na maziwa ya Afrika Mashariki, mara nyingi ndilo zito zaidi, na ndilo linalosahauliwa kwanza.

Kwanza tuelewane ni kifaa gani kinachozungumzwa, kwa sababu siku hizi jina la gimbali limezoeleka zaidi kwa vile vishikio vya simu na kamera ndogo vyenye mota na betri, vinavyotuliza video ya mtu anayetembea. Kichwa cha gimbali cha lenzi ndefu hakina mota, betri wala waya. Ni mkono wa alumini au wa kaboni wenye umbo la herufi L, uliofungwa juu ya tripodi. Una mhimili mmoja wa wima unaogeuza lenzi kushoto na kulia, na mwingine wa mlalo unaoiinua na kuiinamisha. Wazo lenyewe ni la kale. Mabaharia walining'iniza dira ndani ya pete zilizopachikana ili isiyumbe na chombo, na Ulaya mtindo huo ulikuja kuhusishwa na Mtaliano Girolamo Cardano wa karne ya 16, ingawa ulikuwepo tangu zama za kale. Katika upigaji picha za wanyama, kampuni ya Wimberley ya Marekani ndiyo iliyoueneza kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, na hadi leo vichwa vingi vya aina hii hufuata umbo lake. Ipo tofauti moja muhimu. Dira ya chombo huwekwa kitovu chake cha uzito chini ya mhimili, ili kila inapoinama ijirudishe sawa. Lenzi ya mpiga picha haitakiwi kujirudisha wala kuanguka. Inatakiwa ibaki pale ilipoachwa, katika pembe yoyote, bila kukazwa kitu. Sifa hiyo ndiyo inayolipiwa, na isipopatikana, kilichonunuliwa ni chuma kizito tu.

Ili kuona kwa nini sifa hiyo ina thamani, tupige hesabu fupi. Lenzi ya milimita 600 kwenye kamera yenye sensa ya fremu kamili, ya upana wa milimita 36, huona pembe ya nyuzi 3.4 tu kwa upana. Kwa umbali wa mita 30, fremu nzima ina upana wa mita 1.8. Mchukulie kambu, yule ndege mwenye kidari cha zambarau anayependa kukaa kwenye ncha za miti mikavu. Akiruka na kukatiza mbele yako kwa mita 10 kwa sekunde, huivuka fremu hiyo kwa sekunde 0.18. Ili abaki ndani ya picha, lenzi lazima izunguke kwa kasi ya takriban nyuzi 19 kwa sekunde, ianze kuzunguka saa ileile anayoachia tawi, na ipande au ishuke pamoja naye. Duma naye, ambaye watafiti wa Uingereza walimpima huko Botswana na kutoa matokeo yao mwaka 2013, alifikia kilomita 93 kwa saa. Akikatiza umbali wa mita 100, huivuka fremu ya mita 6 kwa chini ya robo ya sekunde. Mfumo wa kisasa wa fokasi unaotambua jicho la ndege au mnyama ni hodari sana, lakini hauwezi kulitambua jicho ambalo halimo ndani ya fremu. Kumweka mnyama ndani ya fremu ni kazi ya mkono, na mkono hufanya kazi hiyo vizuri pale tu ambapo haupigani na uzito kwa wakati huohuo.

Hapo ndipo kichwa cha kawaida cha gololi, kile chenye tufe linalobanwa kwa nobu moja, kinaposhindwa, na hushindwa kwa sababu ya umbo lake, hata kiwe imara namna gani. Lenzi hukaa juu ya tufe, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko juu ya sehemu inayozunguka. Tuseme lenzi na kamera vina kilo 4.6, na kitovu chake kiko sentimita 12 juu ya katikati ya tufe. Ukiiinamisha lenzi nyuzi 30, nguvu inayotaka kuiangusha ni sawa na kuning'iniza zaidi ya nusu ya kilo kwenye ncha ya fimbo ya nusu mita. Kadiri unavyoinamisha ndivyo mvuto unavyoongezeka. Mpiga picha hubaki na njia mbili: kuilegeza nobu na kuushikilia uzito wote kwa mikono, au kuikaza na kupoteza uhuru wa kumfuata ndege. Mwenye kuisahau nobu ikiwa imelegea huona lenzi yake ikianguka ghafla upande mmoja, na wakati mwingine tripodi nzima hufuata. Kichwa cha gimbali huliondoa tatizo hili kwa kuishusha lenzi kati ya mihimili badala ya kuisimamisha juu yake. Umbali wa sentimita 12 huwa sifuri, na mvuto nao hupotea. Hata ukikosea milimita mbili, kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba msuguano wa kawaida wa beringi unakimeza.

Lakini sifuri hiyo haiji yenyewe na kifaa. Inatafutwa, na inatafutwa mara mbili, wakati watumiaji wengi huitafuta mara moja tu. Hatua ya kwanza ni ya mbele na nyuma: unalegeza nobu ya mhimili wa mlalo, unaisogeza lenzi kwenye taya za kichwa mpaka isielemee upande wa kioo wala upande wa kamera, kama mchukuzi wa mzega anavyousogeza mti begani mpaka mizigo miwili iwe sawa. Hapo wengi huridhika, kwa kuwa lenzi imetulia ikiwa mlalo. Hatua ya pili ni ya juu na chini. Inua lenzi nyuzi 30 kisha uiachie taratibu, mkono ukiwa tayari kuidaka. Halafu iinamishe nyuzi 30 na uiachie tena. Ikiwa kila mara inaendelea kuanguka kuelekea kule ulikoielekeza, kitovu cha uzito kiko juu ya mhimili, na jukwaa linalobeba lenzi linapaswa kushushwa. Ikiwa kila mara inajirudisha kwenye mlalo, kitovu kiko chini, na jukwaa lipandishwe. Ikibaki palepale ulipoiachia, juu na chini, umefika. Sasa unaweza kuizungusha kwa kidole kimoja na kuondoa mkono bila hofu. Fanya hivyo kamera ikiwa na betri zake, kofia ya kukinga mwanga ikiwa mahali pake, na kiongeza urefu cha 1.4x kikiwemo kama ndicho utakachotumia, kwa maana kila kitu kinachoongezwa au kuondolewa hukihamisha kitovu. Ukiipata nafasi hiyo, weka alama kwenye pleti kwa kalamu ya rangi, ili alfajiri yenye giza usianze kutafuta upya.

Kutokana na hatua ya pili tunapata kigezo cha kwanza cha kuchagua: je, kichwa kina jukwaa linalopanda na kushuka? Vichwa vyenye mkono unaoning'iniza jukwaa, kama Wimberley WH-200, hukuwezesha kulisogeza hilo jukwaa kulingana na urefu wa mguu wa lenzi. Uzito wa kichwa chenyewe ni kilo 1.4 hivi. Aina ya pili hushika lenzi kwa ubavu: taya ziko wima pembeni, na mguu wa lenzi hugeuzwa uelekee upande badala ya chini. Vichwa vya aina hii vina vipande vichache, ni vyepesi, na kwa sababu pete ya mguu huzunguka katikati ya lenzi, kimo huwa karibu na sawa bila marekebisho mengi. Gharama yake ni usalama. Unapofunga lenzi ya thamani kubwa kwa ubavu, mkono mmoja lazima uishikilie hewani huku mwingine ukikaza, na hakuna jukwaa la kuidaka ukikosea. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake na kufunga na kufungua mara nyingi kwa siku, jukwaa ni bora. Kwa anayepanda ndege ndogo au anayetembea kwa miguu, ubavu una hoja yake. Wenye lenzi za zumu wana jambo la kuongeza. Sony 200-600 hukuza picha bila kurefuka, kwa hiyo mizani yake haibadiliki sana. Sigma 150-600 na Nikon 200-500 hurefuka, na vioo vizito vya mbele vinapokwenda mbele, kitovu huvifuata. Mwenye lenzi ya namna hiyo asitafute mizani kamili katika kila urefu. Aitafute pale anapopigia picha zake nyingi, kisha aongeze ukinzani kidogo kwa nobu.

Kigezo cha pili ni namna kinavyosogea, na hapa ndipo tofauti ya bei inapojieleza. Kila kichwa huzunguka vizuri ukikizungusha kwa nguvu. Kigumu ni kuanza kuzunguka polepole. Katika kichwa duni, msuguano wa kuanza ni mkubwa kuliko wa kuendelea: unasukuma, hakiendi, unaongeza nguvu, kinaruka. Mruko wa robo ya nyuzi hauonekani kwa jicho, lakini katika fremu ya nyuzi 3.4 unahamisha picha kwa karibu sehemu moja ya kumi na nne ya upana wake, na ndege aliyekuwa ukingoni amekatwa bawa. Kasoro ya pili ni mchezo, yaani ule ulegevu wa kucheza ndani ya beringi na viungo. Kwa kamera ya megapikseli 45 nyuma ya lenzi ya milimita 600, pikseli moja huwakilisha chini ya nusu milimita ya mnyama aliye umbali wa mita 50. Kiungo kinachocheza hata kidogo kinatosha kuyafuta manyoya ambayo kioo cha gharama kubwa kimeyachora. Kwa hiyo, ukikishika kichwa dukani, acha karatasi ya sifa pembeni na ujaribu mambo manne. Kaza nobu zote kisha tikisa ncha ya mkono, usikilize kama kuna mlio na uhisi kama kuna ulegevu. Legeza, kisha zungusha kwa kidole polepole kadiri uwezavyo, uone kama kinaruka. Kaza nusu, uone kama ukinzani unaongezeka kidogokidogo au unatoka huru hadi kufungwa kwa robo ya mzunguko wa nobu. Mwisho, zijaribu nobu kwa mkono wenye jasho, maana kazini huwa hivyo.

Namba ya kilo haielezi lolote kati ya hayo. Kila mtengenezaji huipima kwa njia yake: mmoja huhesabu uzito unaoweza kuvunja, mwingine uzito unaoweza kushikwa bila kuteleza. Vichwa viwili vyenye namba moja vinaweza kutofautiana kabisa kazini. Namba hiyo inafaa kukuonya tu, kwamba kichwa kilichoandikiwa kilo tano kisipewe lenzi ya kilo tano. Ikishapita mara mbili au tatu ya mzigo wako, haina la kukuambia zaidi.

Kigezo cha tatu kiko nje ya kichwa chenyewe, juu yake na chini yake. Juu ni pleti. Vichwa vingi vya gimbali hutumia taya za mtindo wa Arca-Swiss, zenye mfereji wa kingo za mshazari wa upana wa milimita 38 hivi. Baadhi ya lenzi, kama Tamron 150-600 ya kizazi cha pili, hutoka kiwandani na mguu unaoingia humo moja kwa moja. Nyingine nyingi zinahitaji pleti, au mguu mpya wa kubadilisha. Pleti iwe ndefu, ili upate nafasi ya kusogeza unapotafuta mizani. Ifungwe kwa skrubu mbili au iwe na ukingo unaoizuia kuzunguka. Iwe pia na skrubu ndogo za kuzuia kwenye ncha zote mbili, kwa sababu siku taya zitakapolegea, hizo ndizo zitakazoizuia lenzi isiteleze hadi mchangani. Chini ni tripodi. Kichwa bora juu ya miguu myembamba, nguzo ya katikati ikiwa imeinuliwa juu, ni fedha iliyotupwa. Miguu iwe minene, bila nguzo ya katikati au ikiwa imeshushwa kabisa, na ifike kimo cha jicho kwa miguu yenyewe. Isitoshe, kichwa cha gimbali hakina mhimili wa kusawazisha upeo. Kama kitako kimeinama, kila unapogeuza lenzi kutoka kushoto kwenda kulia ziwa nalo litainama kwenye picha. Unaweza kurekebisha kwa kuizungusha lenzi ndani ya pete yake, lakini kwa ndege anayevuka anga nzima hutakuwa na nafasi hiyo. Kitako cha kusawazishia chenye pimamaji, kinachokaa kati ya miguu na kichwa, hulimaliza tatizo hilo kwa sekunde chache, na katika ardhi ya mteremko kina faida kuliko kupanda daraja la kichwa.

Sasa tuzijibu hoja za wanaopinga, maana zina uzito. Ya kwanza inasema kwamba zama za gimbali zimepita, kwa kuwa lenzi zimekuwa nyepesi na zina mifumo ya kutuliza mtikisiko. Takwimu ziko upande wao. Canon 600 f/4 yenye mfumo huo, toleo la mwaka 1999, ilikuwa na kilo 5.36, na toleo la tatu la mwaka 2018 lina kilo 3.05. Punguzo hilo ni zaidi ya asilimia 40. Sony 600 f/4 ya mwaka 2019 ina kilo 3.04, na Nikon 800 f/6.3 ina kilo 2.4 hivi. Lenzi kama hizo mtu mwenye mazoezi huzishika mkononi, na kwa mnyama anayetokea ghafla, mkono ni wa haraka kuliko kifaa chochote. Hoja hiyo, hata hivyo, inapima dakika za kupiga picha na kusahau saa za kungoja. Furukombe anaweza kukaa mtini saa nzima kabla ya kushuka majini, na kushuka kwenyewe ni sekunde chache. Hakuna anayeishikilia kilo nne jichoni kwa saa nzima. Anayeiweka chini huchelewa, na anayeing'ang'ania huwa ametetemeka kabla ndege hajaruka. Mfumo wa kutuliza huondoa mtetemo. Hauondoi uchovu, wala haumrudishi kwenye fremu ndege aliyekwisha kutoka. Wepesi wa lenzi umebadilisha sababu ya kuitaka gimbali: zamani ilikuwa ya kubeba, leo ni ya kungoja. Kwa anayengoja, sababu hiyo inatosha.

Hoja ya pili ni ya vifaa mbadala. Wapo wanaosema kichwa cha video chenye mafuta mazito ndani hufanya kazi ileile kwa ulaini zaidi. Kwa video wana haki: ukinzani wa mafuta hutoa mwendo usio na mshtuko ambao gimbali ya kawaida haiufikii, na watengenezaji kama Gitzo wameunganisha mawazo hayo mawili katika kichwa kimoja. Lakini kichwa cha video huweka lenzi juu ya mhimili na kuupinga mvuto kwa springi, kwa hiyo mizani hutegemea springi hiyo inalingana vipi na mzigo wako, na ukinzani unaokupendeza kwenye video hukuchelewesha unapomfuata ndege aliyegeuka ghafla. Anayepiga video zaidi ya picha achukue hicho. Wengine hupendekeza kiambatisho, kama Sidekick ya Wimberley, kinachofungwa ubavuni mwa kichwa cha gololi na kukigeuza kuwa gimbali. Kwa mwenye kichwa imara cha gololi na lenzi isiyo nzito sana, hiyo ni njia ya heshima na ya bei nafuu. Kwa lenzi kubwa zaidi, huo ni mnyororo mrefu wa viungo, na kila kiungo kinaleta mchezo wake.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapa kwetu, nayo ni gari. Ndani ya Serengeti, kwenye kreta ya Ngorongoro au Maasai Mara, mgeni na mpiga picha hawashuki garini ila katika sehemu zilizotengwa. Picha hupigwa kutoka dirishani au kwenye paa lililofunguliwa la Land Cruiser, na hapo tripodi ya miguu mitatu haina pa kusimama, hasa kama gari lina abiria wengine watano. Mfuko wa maharage au mchele uliotandazwa kwenye ukingo wa paa au dirisha hubeba lenzi ya kilo nne kwa utulivu mkubwa, humeza sehemu ya mtetemo wa gari, hutolewa na kurudishwa kwa sekunde moja, na kitambaa chake husafirishwa kikiwa kitupu na kujazwa sokoni. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi au Arusha kwenda mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, ndani ya mkoba laini, pamoja na vya mkononi. Mwenye lenzi na kamera za kilo tano akiongeza kichwa cha kilo 1.4 na tripodi ya kilo mbili, amebakiwa na chini ya kilo saba za kila kitu kingine. Hoja hii inapaswa kukubaliwa bila kuzungushwa. Kwa safari ya kawaida ya gari, kichwa cha gimbali juu ya tripodi ni mzigo usiotumika, na anayemshauri mgeni wa siku tano Serengeti anunue kimoja hamtendei haki.

Vipo vibano vya kufunga kichwa cha gimbali kwenye mlango au kwenye reli ya paa, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kutengeneza kimoja kinacholingana na gari lake. Vinafaa pale ambapo gari ni la mpiga picha mmoja au wawili, linalokaa sehemu moja kwa saa nyingi, kama wanavyofanya wanaomngoja chui ashuke mtini au nyumbu waingie mto Mara. Hata hapo injini izimwe na waliomo watulie, kwa sababu kibano kimefungwa kwenye bodi la gari na huleta kila mtikisiko wake moja kwa moja kwenye lenzi, bila maharage ya kuupunguza. Kwenye boti ndogo, iwe Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere au Ziwa Naivasha, tripodi haifai kwa sababu hiyohiyo: sakafu yenyewe inacheza.

Gimbali hulipa gharama yake pale mtu anaposimama ardhini na kungoja, na sehemu hizo si chache kama safari za magari zinavyotufanya tuamini. Ufukwe wa Ziwa Natron, ambako heroe wadogo, wale flamingo wa mabonde yetu, huzaliana kuliko popote pengine Afrika Mashariki, hufikiwa kwa miguu. Kisiwa cha Crescent pale Naivasha hutembelewa kwa miguu. Hifadhi ya Arusha ina matembezi ya kuongozwa na askari mwenye silaha. Msitu wa Arabuko-Sokoke na mikoko ya Mida Creek karibu na Watamu ni maskani ya watazamaji wa ndege, ingawa kwenye daraja la mbao la Mida, kama kwenye daraja lolote la mbao, tripodi hutikisika kila anapopita mwingine. Ongeza mabwawa, mashamba ya mpunga na vibanda vya kujificha ambavyo mpiga picha wa hapa anaweza kuvirudia mwaka mzima. Na hapa mwenyeji ana nafasi kuliko mgeni. Mgeni ana siku tano na lazima azunguke kwa gari. Mwenyeji anaweza kukaa kwenye bwawa moja tangu alfajiri mpaka jua liwe kali, wiki baada ya wiki, mpaka ajue kila ndege anatua wapi. Kifaa cha kungoja ni kifaa cha mwenyeji.

Inabaki bei. Kichwa chenye jina hugharimu zaidi ya dola 500, na kisicho na jina huweza kupatikana kwa sehemu ndogo ya hizo, umbo likiwa karibu lilelile. Itakuwa uongo kusema vya bei ndogo vyote ni vibovu. Umbo ndilo linaloleta mizani, na fizikia haijali jina la kampuni. Kinachopungua ni ulaini wa kuanza, ukazaji wa nusu, na umri wa beringi penye vumbi la mbuga. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo afuate mpangilio huu: kwanza miguu imara, kisha pleti ndefu yenye skrubu za kuzuia, kisha kitako cha kusawazishia, na kichwa kiwe cha mwisho. Kichwa cha bei ya kati juu ya miguu imara hutoa picha kali kuliko kichwa cha kifahari juu ya miguu inayotetemeka, na kichwa kinaweza kubadilishwa baadaye bila kugusa vingine.

Hukumu basi ni hii. Kama kazi yako yote ni ya gari, nunua kitambaa kizuri cha mfuko, kijaze maharage, na fedha iliyobaki uitumie kulipia siku zaidi mbugani. Kama unapiga video zaidi, chukua kichwa cha video. Kama unatembea na kupiga mkononi, chukua lenzi nyepesi na uache tripodi nyumbani. Lakini kama unasimama ardhini na kungoja ndege au mnyama aliye mbali, kichwa cha gimbali hakina mpinzani wa kweli: chagua chenye jukwaa linalopanda na kushuka, kinachoanza kuzunguka bila kuruka, kisichocheza kikikazwa, na ukifunge juu ya miguu iliyosawazishwa. Kisha kabla ya kwenda popote, kaa nacho jioni moja nyumbani, uitafute mizani ya mbele na nyuma, na ya juu na chini, mpaka lenzi ibaki kila unapoiachia. Wengi wanaolalamika kwamba kichwa chao hakifai hawajawahi kufanya hatua hiyo ya pili. Ifanye kwanza, ndipo uamue kama unahitaji kingine.